Sanamu Sita za Soko la Lwangilo

Nianze kwa kukiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: mimi ndiye yule fundi cherehani Mnyakyusa ambaye watu wa Lwangilo wakikutana naye njiani, mpaka leo wengine wanacheka na wengine wanaangalia pembeni. Wale wanaocheka sina shida nao, mtu akikucheka mnamalizana hapohapo. Wanaoangalia pembeni ndio wanaoniuma. Mkasa wenyewe mwanzo hadi mwisho nimeusimulia mara mbili tu, mara moja kwa mke wangu na mara moja nikiwa nimesimamishwa mbele ya kamati, na mara zote mbili jasho lilinitoka kwenye baridi ile ya mwezi wa saba, sasa jueni hii ya leo nawaheshimu tu.

Lwangilo iko juu huku kwenye milima ya Iringa, upande wa mianzi na chai, na mimi nilifika kwa njia ya ndoa. Nilikuwa nashona Mbeya mjini, pale Mwanjelwa, mambo yakawa magumu, mke wangu Tuma akasema twende kwa mama, nyumba ipo, shamba lipo, na kule kijijini hakuna fundi hata mmoja. Ndivyo nilivyohamia ukweni (msinicheke, wenzangu Mwanjelwa walishasema Gwakisa ameolewa, nimezoea). Baba mkwe, Mzee Kihwele, alifariki miaka mingi kabla sijamfahamu Tuma, nilimjua kwa picha moja ndogo ya kitambulisho iliyobandikwa kwenye kabati la mama mkwe, uso mtupu, hata mabega hayaonekani. Kumbukeni hilo la mabega, maana kesi yangu ilipofika mbele za watu ndilo nililojitetea nalo.

Sasa soko. Zamani Lwangilo ilikuwa na soko la kila Jumatano, vizimba vya mbao mistari miwili chini ya paa la bati, na magari ya Iringa mjini yalikuwa yanapita hapo mlangoni kabisa. Halafu lami ikajengwa bondeni, magari yakahamia kule. Na ikaja ile miaka mibaya ambayo watu wa hapa hawapendi kuitaja, miaka ya kuzika wiki hadi wiki, na waliozikwa wengi walikuwa watu wazima wenye nguvu zao, ndio haohao waliokuwa na vizimba. Soko halikufungwa na mtu yeyote. Lilibaki tu bila watu. Mimi nilivikuta vizimba bado vimesimama, vingine vina maandishi ya rangi kwa juu, FUNDI VIATU, CHAI NA VITUMBUA, MKAA, na nilikuwa naona watu wakifika usawa wa lile paa wanashusha sauti na kuongeza mwendo, kama unavyopita kando ya nyumba yenye msiba. Mimi mtu wa mjini nikasema hawa hawapendi biashara tu.

Lakini lilikuwepo kundi lililotaka soko lirudi, kina mama wengi na wanaume wachache, mwenyekiti wao Dada Edita, mkulima wa viazi na maparachichi, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Walikuwa wamechoka kubeba mizigo mpaka kwenye lami na kuuza kwa walanguzi kwa bei ya kuamuliwa. Hawakusubiri mfadhili. Nyumba hii ikatoa bati, ile misumari, nyingine ikatoa siku mbili za kuzibua mtaro, na mimi nikaingizwa kwenye kamati kwa sababu ya cherehani. Tulibakiwa na kitu kimoja, gari. Kulikuwa na bwana mmoja wa mjini, Bwana Mahenge, mwenye kosta, alikubali kupanda siku moja ya Jumatano aone, akiridhika atakuwa anapandisha gari kila wiki kubeba wanunuzi na mizigo. Dada Edita akatuletea maneno yake kikaoni kama yalivyo: "Mimi sipandishi gari mlimani kufuata vizimba vitupu."

Maneno hayo yaliniingia kichwani yakakataa kutoka. Mahenge alisema atafika saa mbili asubuhi, na huku kwetu mwezi wa saba saa mbili bado ukungu umelala barabarani, mtu na mzigo wake kichwani anatembea kwa kunyata, nikajua kabisa atakuta vizimba vitupu na atageuza. Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kupamba. Nikakumbuka Mwanjelwa, wenye maduka ya nguo wanaweka sanamu mlangoni, na mteja akiona watu wamesimama mahali naye anasogea. Nikajiambia nitatengeneza sanamu sita za mianzi na majani makavu ya mahindi, nizivalishe vizuri, nizikalishe kwenye vizimba, Mahenge akitokeza kwenye kona aone soko lina watu. Wenyewe wakifika, nazitoa kimyakimya. Sikumwambia mtu. Tuma angenikataza, lakini Tuma alikuwa Mbeya kwa dada yangu aliyejifungua.

Nguo sikuwa nazo, za wateja siwezi kuzijaza majani. Nikaenda kwa Bibi Agnesi, mzee wa kanisa, yeye ndiye anayeshika ufunguo wa stoo ya usharika, nikamwomba nguo kuukuu, nikamwambia ni za mapambo ya soko.

"Chukua kwenye gunia la mlangoni," alisema. "Lile la ndani, chini ya meza, liache."

Hakusema kwa nini na mimi sikuuliza, yeye akabaki nje kwenye kijua maana magoti yalikuwa yanamsumbua. Nikafungua gunia la mlangoni nikakuta nguo za watoto, soksi zisizo na wenzake, sketi imechanika mpaka kiunoni. Nikatazama chini ya meza. Gunia la ndani lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani, vizuri, fundo la mtu mwenye subira. Nikalifungua (mkono wangu huu huu, wa kulia). Nguo za watu wazima, zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa na majani ya mkaratusi katikati kuzuia wadudu. Nikasema moyoni, hizi zinafungiwa gizani za nini, nazitumia siku moja, Alhamisi nazirudisha, bibi hatajua hata kidogo. Nikachagua za watu sita, nikazitia ndani ya gunia la mlangoni, juu nikafunika na ile sketi iliyochanika, nikatoka nikamshukuru Bibi Agnesi, naye akanibariki. Hiyo baraka mpaka leo sijui ilikwenda wapi.

Jumanne alasiri nikawa pale sokoni peke yangu na sanamu zangu. Na hapa naomba mnielewe, sikuwapanga kwa kujua. Mimi ni fundi, nguo ikifika mkononi mwangu inasema yenyewe. Kulikuwa na koti la kijivu, zito, mfuko mmoja una harufu ya gundi na ndani yake mabaki ya uzi wa kushonea ngozi, basi lile nikalipeleka kwenye kizimba cha FUNDI VIATU, na kofia juu. Gauni la maua mekundu lilikuwa na aproni yenye madoa ya mafuta ambayo sabuni ilikuwa imeshindwa kuyatoa, nikalikalisha kwenye CHAI NA VITUMBUA. Shati la kaki lililoingia weusi kwenye mikono likaenda kwenye MKAA. Watatu waliobaki niliwaweka kwa kukisia. Vichwa niliwatengenezea kwa foronya, na kwa kuwa sijui kuchora sikuwawekea macho wala mdomo, nikavuta tu kofia na vilemba kwa mbele.

Kama saa kumi na moja ukungu ukaanza kupanda kutoka bondeni. Nilikuwa nimeinama nyuma ya kizimba cha viatu nakaza kamba ya kiuno cha yule mwenye koti, nikasikia baiskeli inakuja njiani, ile ya zamani inayolia tiki tiki. Ikapunguza mwendo. Sauti ya mzee ikasema, taratibu, kama mtu anayemsalimia jirani yake, "Kamwene, Kihwele."

Halafu baiskeli ikaendelea. Niliponyanyuka sikuona mtu, ukungu ulikuwa umeshafunga njia. Nikafurahi, ndugu zangu. Nikasema kumbe nimeshakuwa mtu wa hapa, wazee wananisalimia kwa jina la ukweni. Haikunijia hata kidogo kujiuliza amenionaje na mimi nimeinama chini.

Asubuhi nikaamka mapema, mama mkwe namsikia jikoni anachochea moto, nikapita nje bila kuaga. Ukungu ulikuwa mzito, mkono ukiunyoosha vidole vinapotea. Nilipofika chini ya paa nikasimama. Wote sita walikuwa wameinamisha vichwa. Najua sababu, majani yalikuwa yamenyonya umande na shingo za mianzi zikalegea, ningeweza kuwaeleza hata wakati ule. Lakini mtu ukikuta watu sita wasio na nyuso wameinama kama wanaombewa, na hakuna jogoo anayewika, sababu inachelewa kidogo kukufikia. Nikaanza kupiga mluzi. Nikawasha mkaa kwenye jiko nikaweka birika kwenye kizimba cha chai, moshi na mvuke vipae juu, ionekane kuna uhai. Nikawanyanyua vichwa mmoja baada ya mwingine. Nilimaliza na mwenye koti, nikawa nimepiga magoti nyuma yake namsimamisha mgongo, ndipo nikawasikia kina mama wanapanda.

Walikuwa wanakuja na wimbo, kama wanavyofanya wakiwa na mizigo, wanaimba kupata hatua. Wimbo ukakaribia, ukakaribia, ukakatika. Haukupungua. Ulikatika wote kwa pamoja, katikati ya neno. Kwenye tundu kati ya mbao nikaona vivuli vyao vimesimama mstari, vikapu vichwani, hakuna anayesogea. Mtu mmoja akatua kikapu chini, polepole sana.

"Edita," sauti ikasema, chini kabisa. "Unaona ninachokiona?"

"Naona."

"Yule kwenye chai ni mama yako."

Sasa mtu mwenye akili, akisikia maneno kama hayo, angetoka nyuma ya kizimba mikono juu, akasema samahanini, ni mimi, ni majani ya mahindi. Mimi nilisikia lakini sikuelewa. Nilidhani wanatania. Nilidhani wamependa. Na wamesimama kule mbali na Mahenge ni dakika yoyote, nikaona niwachangamshe, basi nikashika mkono wa koti kwa nyuma, nikaunyanyua juu, nikaupunga, na kwa sauti nzito ya kizee nikasema, "Karibuni sokoni, kumekucha."

Sijawahi kusikia kitu kama kile kilichofuata na naomba nisisikie tena. Mmoja alianza kile kilio cha msibani, kile cha kwanza kabisa ambacho jirani akikisikia anaacha jembe. Wengine wakakimbia. Vikapu vikaanguka, viazi na maparachichi vikaanza kuteremka mlima ndani ya ukungu, na hata watu walipokuwa wameshapotea niliendelea kuvisikia vinabingirika, vinagonga mawe, vinabingirika tena. Mama mmoja aliingia kwenye mtaro tuliouzibua wenyewe. Dada Edita peke yake ndiye aliyebaki amesimama palepale, anatazama kizimba cha chai, mikono imening'inia.

Na mimi bado nimeushika ule mkono. Nitawaambia kitu, mkitaka mwamini, mkitaka mwache. Mkono ule niliujaza mwenyewe, majani makavu na kipande cha mwanzi, uzito wake haufiki hata wa kuku. Lakini pale nilipokuwa nimeunyanyua ukaanza kunilemea, kama mkono wa mtu aliyelala, na nilipotaka kuushusha ukashuka taratibu kuliko nilivyoushusha mimi. Unaweza kusema umande. Mimi mwenyewe huwa nasema umande.

Ndipo hatua zikasikika, za mtu mmoja, hana haraka. Nikaijua ile namna ya kuburuza kandambili hata kabla sijaona, mama mkwe. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya kizimba cha viatu, akasimama, kati yetu kuna meza na yule mwenye koti. Kwetu na hata kwao mkwe wa kiume hamkaribii mama mkwe ovyo, ukimwona njiani unapisha, na mimi nilikuwa nimejikunja hatua mbili kutoka kwake, nimebana pumzi.

"Baba Tuma," alisema. "Umekuja bila kupita nyumbani."

Ndipo nilipoelewa, pale pale, vyote kwa pamoja: koti, gunia la ndani, mzee wa baiskeli, kile kilio.

Akaendelea, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeongea na mumewe jikoni. Akamwambia ng'ombe yule mwekundu alikufa. Akamwambia Tuma ameolewa, na mwanaume ni Mnyakyusa wa Mbeya. "Si mtu mbaya," alisema, "anamtunza mtoto. Ila ana haraka, anataka soko lijae kabla watu hawajafika." Akamwambia mambo mengine pia, ya wao wawili, ya siku za mwisho hospitali na kitu ambacho hakuwahi kumwambia, na hayo sitayasema hapa wala popote, nimeyasikia kwa wizi. Machozi yalikuwa yananitoka na siwezi kuyafuta kwa sababu mkono mmoja umeshika ardhi na mwingine umeshika koti.

Akamaliza. Birika lilikuwa linachemka kule kwenye chai, hakuna wa kulitoa.

"Haya, Gwakisa," mama mkwe akasema, sauti ileile, wala hakuinama kunitazama. "Achia mkono wa baba yako."

Nikauachia.

Nilipotoka nyuma ya kizimba, nimelowa magoti, uso wote kamasi, taa mbili zikatokea kwenye kona. Kosta ya Bwana Mahenge. Ikasimama kwenye kona, mlango ukafunguka, akatoa mguu mmoja nje. Jamani, alichokiona: mwanamke mzee mbele ya mtu asiye na uso, mwanamke mwingine amesimama kama nguzo, mwingine anapanda kutoka mtaroni, mwanaume mzima analia, na watano wengine wamekaa kimya kwenye vizimba wanamtazama bila macho. Nikapiga hatua kumwendea, nikamwambia shikamoo, karibu, soko ndiyo hili. Akaurudisha mguu ndani.

"Poleni sana na msiba," alisema kwa adabu.

Pale hakuna pa kugeuzia gari. Akarudi kinyumenyume mlima mzima, taa zinatutazama mpaka ukungu ukazimeza.

Kamati ilikaa siku hiyohiyo mchana, na mimi nilisimama katikati nikajitetea kwa ile hoja yangu ya picha isiyo na mabega, na hakuna aliyecheka. Bibi Agnesi aliletwa na mjukuu wake wa kike akiwa amemshika mkono. Hakunifokea. Alieleza tu, kwa ajili yangu, maana wengine wote walikuwa wanajua. Miaka ile, kila baada ya kuzika, familia zilipeleka kanisani nguo nzuri za marehemu wapewe wenye shida. Hakuna mwenye shida aliyezichukua. "Nani angevaa?" alisema. "Kijiji kidogo hiki. Ukimwona mtu kwa mbali amevaa, unamwona mwenyewe." Kuzichoma hawakuweza, kuzirudisha ingekuwa kama kuzika mara ya pili. Basi yeye kila mwaka, msimu wa kiangazi, huzitoa, huzianika, hupiga pasi, huzikunja tena. Peke yake. Miaka yote hiyo.

Nilitaka wanipige faini. Mama mkwe ndiye aliyesema hapana. Alisema nizipeleke mwenyewe, kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kila nguo kwa watu wake, na nikifika niseme nilichofanya.

Ilinichukua siku tatu. Kwenye nyumba ya mtu wa mkaa, mwanaye alilipokea shati la kaki akaliweka mapajani, akanieleza jinsi baba yake alivyokuwa anapiga hodi kwenye nyumba za wajane anaacha kopo la mkaa mlangoni anaondoka. Nyumba nyingine walinifungia mlango, nikaongea na mbao, nikaiacha sweta kwenye kizingiti. Nyumba ya nne walicheka mpaka wakakaa chini, kisha wakaacha kucheka. Kila nilipoingia nilikuwa nakaribishwa kiti, chai inaletwa, halafu mtu anaanza kuniambia marehemu aliuza nini, alikaa kizimba cha ngapi, alipenda kuwapigia wateja kelele gani. Mimi niliyedhani hawapendi biashara.

Koti nilimpelekea mama mkwe siku ya tatu, ingawa tunaishi boma moja. Nilipiga hodi kama mgeni. Nikapiga magoti nikamwambia mama nisamehe.

"Ulimpa mabega mapana mno," alisema. "Alikuwa mtu mdogo." Halafu akaliweka koti kwenye kiti, akasema neno ambalo nadhani alikuwa nalo siku nyingi. "Vikao vyote mlizungumza bati na misumari na gari. Hakuna aliyetuuliza kama tunaweza kukaa pale. Mimi siwezi kuuza maharage juu ya meza ya mume wangu kama vile hakuwepo. Na wenzangu hawawezi. Tulikuwa tunasema ndiyo kwa sababu Edita anajituma."

Nilimpelekea Dada Edita maneno hayo (gauni la mama yake nilikuwa nalo kwenye mfuko, ndiyo nyumba niliyoogopa kuliko zote, nikaiweka mwisho). Alisikiliza mpaka mwisho. Akalipokea gauni. Jumapili iliyofuata akaomba nafasi kanisani, akazialika familia zote, Wakatoliki nao wakaja, tukaenda wote sokoni mchana kweupe. Mchungaji akaomba kwa kifupi, kisha kila familia ikasimama kwenye kizimba chake, ikamtaja wa kwao kwa jina, ikasema kizimba tunakichukua au tunampa fulani. Wengine walichukua. Wengine walitoa. Viwili vimeachwa vitupu, hakuna aliyevitaka na hakuna anayeweka kitu juu yake, na sisi tunavipita kwa heshima. Mama mkwe cha baba mkwe alinipa mimi. Nilikataa mara tatu, mara ya nne nikahamishia cherehani pale.

Bwana Mahenge hakurudi. Namba yangu nadhani ameifuta kabisa. Kikundi sasa kinakodi guta la mizigo linateremsha viazi mpaka kwenye lami, na wanunuzi wachache wamezoea kupanda kwa miguu, soko ni dogo, kuna Jumatano tunajikuta tunauziana wenyewe kwa wenyewe. Lakini lipo. Tuma aliporudi kutoka Mbeya nilimsimulia, akacheka sana, alicheka mpaka nilipofika pale pa uzito wa mkono. Hapo akaniuliza ni mkono upi. Nikamwambia wa kushoto. Akaniambia baba alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na tangu siku hiyo hatujaliongelea tena.

Wiki ya kwanza ya soko, jioni ya kuamkia Jumatano, Dada Edita alikuja na gauni la maua mekundu. Alitaka nilipunguze kiunoni na kuliongeza urefu. Nilimpima kiuno kilekile mara tatu mpaka akanishika kifundo cha mkono, akasema, "Fundi, ni mimi." Asubuhi nilipofika, ukungu umejaa, nikamwona mwanamke amekaa kwenye CHAI NA VITUMBUA, gauni jekundu, ameinamisha kichwa. Nilijua ni nani. Nililishona mwenyewe. Hata hivyo nilisimama njiani na cherehani begani muda mrefu, nasubiri atingishike kwanza, na sikumsalimia mpaka nilipomsikia anakohoa.

Basi ndugu zangu, ufundi wangu sasa una sharti moja. Ukiniletea nguo ya zamani, hata iwe ya kutiwa kifungo, nitakuuliza ilikuwa ya nani, na yuko wapi, na kama nyumbani wanajua umeileta. Wateja wengine wanaona nina maneno mengi, wanaondoka. Waende tu. Mimi gunia la mtu silifungui tena.